Legacy yenye midomo miwili

Gari ile, Subaru Legacy, ilifika Nkuhungu, Dodoma, alasiri moja ya Agosti ikitokea Singida, kilomita 240 hivi, na upepo wa msimu ule ulikuwa umeipaka vumbi hadi kwenye bawaba za milango. Mwenyewe alikuwa anaiuza. Mnunuzi angekuja kesho yake asubuhi, na kilichomkera hakikuwa bodi bali huku nyuma: midomo miwili ya ekzosi, mmoja kulia na mmoja kushoto, yote imekuwa myeusi kama sufuria ya kuni.

"Fundi, nataka yote miwili ing'ae sawasawa."

"Sawa kaka, ila tuiache ipoe kwanza."

Ekzosi iliyotoka safari haiguswi. Vidole vitaungua, ndiyo, lakini kuna na sababu nyingine: chuma cha moto hukausha sabuni papo hapo, na michirizi inayobaki inakuwa kazi mpya juu ya kazi. Tulingoja hadi nikaweza kuukumbatia mdomo kwa kiganja bila kuutoa.

Katika kungoja huko nilisoma masizi. Hili waoshaji wengi hulipita, na linaniuma, kwa sababu ukishayafuta masizi umefuta na ushahidi wa injini. Nilipitisha kidole ndani ya kila mdomo. Yalikuwa makavu, yanatoka kama unga. Masizi makavu meusi yanasema petroli inazidi hewa. Yangekuwa na utelezi wa mafuta ningefikiria oili inayoungua: ringi za pistoni, sili za valvu, au turbo yenyewe, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi. Rangi ya kijivu au kahawia iliyofifia ndiyo ya injini inayounguza vizuri. Gari ya turbo huongezewa petroli inapokanyagwa sana, kwa hiyo masizi kiasi si ajabu, lakini haya yalizidi. Tulipofungua boneti, eya klina ilikuwa imeshiba vumbi, na vumbi linalopenya pale huishia kwenye sensa ya hewa. Nilimshauri aipeleke gari ipimwe kwa mashine, na sensa ya oksijeni nayo itazamwe. Eya klina aliibadilisha jioni ileile.

Kisha nikatoa sumaku. Mdomo wa kulia haukuinasa kabisa, dalili ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Wa kushoto uliinasa kwa nguvu, na nilipochungulia chini nikaona umefungwa kwa skrubu, yaani wa asili ulishapotea na huu ni wa kununua dukani. Sumaku peke yake haitoshi, kwa kuwa zipo stenlesi zinazonasa. Lakini huu wa kushoto ulikuwa na vidoa vya kutu vidogo kama ncha ya sindano, na pembeni ngozi imeanza kuinuka. Hiyo ni kromu juu ya chuma cha kawaida. Gari moja, mafuta yaleyale, na vyuma viwili visivyoweza kupewa dawa moja.

Bampa nililizungushia tepu ya karatasi. Ndani ya kila mdomo nikasokomeza tambara, mkia wake ukining'inia nje ili lisisahaulike, kwa sababu tope la masizi likirudi kwenye sailensa halitoki kirahisi. Nikapaka mafuta ya taa kwa mswaki wa zamani, nikayaacha dakika kumi, nikasugua sentimita kumi za ndani, kisha nikaosha kwa sabuni ya vyombo hadi utelezi wa mafuta ukaisha. Usiwashe gari kabla mafuta ya taa hayajaoshwa yote.

Mwenye gari alikuja na stilwaya ya jikoni. Nilimzuia. Ile ni nene, inachora kromu, na kwenye stenlesi huacha chembe za chuma ambazo zikipata unyevu zinafanya kutu juu ya chuma kisichostahili kutu. Nilizuia pia dawa ya chooni yenye asidi na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Klorini hutoboa stenlesi vishimo ambavyo hakuna polishi inayoviziba.

Wa kulia ndio uliokula muda. Masizi yaliyookwa na joto hayatoki kwa sabuni, kwa hiyo niliingia na msasa wa maji namba 1000, nikizunguka kufuata mistari ya chuma chenyewe na kuuchovya kwenye maji yenye sabuni kila mara. Baada yake 1500, kisha 2000, namba ikipanda msasa unazidi kuwa laini. Kila namba ina kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya namba iliyoitangulia. Ukiharakisha kuruka kwenda 2000, mikwaruzo ya 1000 itaonekana jua likipiga, na utarudi nyuma upende usipende. Nilikuwa nikifuta na kuinamia kwa pembeni. Mng'ao ukiwa na ukungu ulio sawa kote, ndipo unahamia namba inayofuata.

Hapo ndipo Autosol, dawa ya kung'arishia chuma. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha sehemu ya upana wa kiganja. Unasugua kwa kitambaa cha pamba hadi dawa iwe nyeusi, unafuta kabla haijakauka. Weusi ule usikutishe: mwingi ni chuma chenyewe kinachokwanguka kidogo kidogo, si uchafu. Anayesubiri kitambaa kitoke cheupe atasugua hadi usiku.

Wa kushoto haukuona msasa. Kromu ya urembo ni nyembamba mno, haifiki hata elfu moja ya milimita, na msasa unaimaliza mara moja. Nilikunja karatasi ya foili, nikaichovya maji, nikasugua vile vidoa taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuchora. Vidoa vilififia, lakini pale ngozi ilipoinuka hapakuwa na la kufanya.

Mwisho ni maji. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi, yakikaukia juu ya chuma huacha madoa meupe, hivyo nilifuta midomo ikiwa bado mibichi, kivulini. Doa likishakaa, siki nusu kwa maji nusu, dakika moja, kisha suuza. Nta ya bodi sikupaka. Joto la ekzosi linaiyeyusha. Nilipaka dawa ya kulinda rimu, ambayo huvumilia zaidi.

Nilitoa matambara, akawasha gari. Matone yenye vidoti vyeusi yakadondoka chini, akashtuka. Nikamweleza kwamba petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na ekzosi ikiwa baridi mvuke huo hugeuka matone humo.

Akauliza kama ule wa kushoto ungefunikwa kwa rangi ya fedha hadi mnunuzi aondoke. Nilikataa. Nikampimia bomba kwa nje: milimita 54. Atafute mdomo wa stenlesi wenye upana wa ndani wa 56 au 57, kwa sababu ukizidi hapo utagongagonga barabarani, na skrubu zake nazo ziwe za stenlesi, la sivyo kutu itaanzia hapohapo.