Kanda ya Mama na ile sendofu ya Sinza

Novemba 2016 tulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwenye ukumbi mmoja pale Sinza, na mimi kwenye kamati nilipewa muziki. Yani kazi yangu ilikuwa kukaa na DJ, kumpa listi, bibi harusi anaingia na wimbo gani, wazazi wanaingia na upi, keki upi, zawadi upi. Inaonekana kazi ndogo ila anayezijua sendofu za Dar anajua ukikosea hapo utasemwa mpaka mtoto wa kwanza azaliwe.

Wiki moja kabla Mama akanipigia. Hakuzunguka. "Sisi kina mama tukiingia na zawadi, mtuwekee Saida."

Nikamuuliza Saida gani, na nilikuwa najua kabisa.

"Saida Karoli. Tunaingia Wahaya watupu pale, unataka tuingie na nini?"

Nikamwambia sawa Mama, nitaangalia. Ila moyoni nilishakataa. Na kilichokuwa kinanifanya nikatae ni kitu cha ajabu sana, kwa sababu kwenye listi yangu, muda wa vijana kucheza, Salome ya Diamond ilikuwa namba moja! Wimbo ulikuwa umetoka Septemba tu, Diamond na Rayvanny, na jiji zima lilikuwa linaimba, ukipanda daladala unaukuta, ukishuka unaukuta kwenye bodaboda, ofisini watu wanaunong'ona wakifungua mafaili. Na kila mtu anajua kile kiitikio kimetoka kwa Saida, kwenye Maria Salome yake ya 2001, ile ya chambua kama karanga. Kwa hiyo mi niliupenda wimbo wa mtoto na mama yake nikamfungia mlango. Nilimwambia Mama ule wa zamani hauna biti, watu watakaa chini. Akanyamaza kidogo kwenye simu halafu akauliza kama nimeshakula.

Inabidi nirudi nyuma kidogo ili ieleweke.

2002 nilikuwa kidato cha pili, tunakaa Mabibo, Mama anashona nyumbani, cherehani yake iko barazani na pembeni kuna redio kaseti nyeusi ambayo kishikio chake kimefungwa kwa kamba. Kanda ya Saida aliinunua Kariakoo. Aliipiga asubuhi, akaipiga mchana, jioni akaigeuza tena, na akifika pale ngoma inapochanganya miguu yake kwenye cherehani ilikuwa inafuata mapigo yenyewe. Sisi ni watu wa Kamachumu kule Muleba, lakini mi nimezaliwa Dar, Bukoba nimeenda mara mbili tu utotoni, na Kihaya nilikuwa nakisikia nyumbani nakijibu kwa Kiswahili.

Wimbo wenyewe ulikuwa unapigwa nchi nzima, sisemi haukupendwa, harusi zote za mwaka ule ulikuwepo. Lakini darasani kwetu ulikuwa wimbo wa kuchekea. Wanaojua mambo walikuwa wanasikiliza Juma Nature, Professor Jay, Lady Jaydee, wanaandika mashairi nyuma ya madaftari. Saida alikuwa wa mama zetu na wadada wa kazi, ngoma za kijijini, lugha haieleweki, nini. Marafiki zangu wakija nyumbani wakaikuta ile kanda inaimba basi kesho yake darasani wananiigiza, wananiita nshomile, lile jina la utani la Wahaya, wanatikisa mabega. Siku moja tuko ndani ya daladala na Mama tunatoka Ubungo, dereva akauweka, Mama akaanza kuimba. Hakuimba kwa sauti kubwa, alikuwa anaimba tu kama mtu anavyoimba jikoni kwake. Nikageukia dirishani mpaka tunashuka nikawa sijamtazama. Alipomaliza aliniuliza kama tumbo linauma.

Halafu ndo nikafanya lile la kanda.

Waliokua enzi zile wanajua, kanda ya dukani ilikuwa na vile vitundu viwili juu, vimevunjwa makusudi ili usirekodi juu yake, ila ukisokota karatasi ukaziba au ukapitisha soltepu inakubali. Kulikuwa na kipindi cha Bongo Fleva redioni jioni, sikuwa na kanda tupu wala hela ya kanda tupu, Mama kaenda kupeleka nguo za mteja. Nikaziba vitundu, nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, nikarekodi. Dakika kama ishirini hivi za upande wa kwanza. Saida akafutika na mi nikawa na furaha kweli, nikasema kesho naenda nayo shule.

Mama aliporudi akaweka kanda yake akakuta watu wanachana. Nilijua nitapigwa. Akaisikiliza kama dakika moja, akaizima, akaniuliza kitu kimoja tu, "Upande wa pili umeuacha?"

Nikasema ndiyo. Akaigeuza, akaendelea kushona.

Miaka ikaenda. Kaseti zikaisha zikaja sidii, sidii zikaisha zikaja flashi, na ule wimbo ukapotea kabisa kumbini. Kuna jambo nimeliwaza sana kuhusu hili. Hapa kwetu wimbo ukishakuwa mzee kabisa unaheshimiwa, mtu akipiga Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajab hakuna wa kumcheka, Msondo na Sikinde wana watu wao na wana siku zao, ni zilipendwa hizo, ni mali ya wazee. Wimbo mpya nao una vijana wake. Anayeteseka ni yule wa katikati, wimbo wa miaka kumi, kumi na tano. Haujafika kuwa kumbukumbu ya mtu na umeshapita kuwa habari ya mjini, na wanaoukumbuka vizuri ni walewale walioukimbia wakiwa na miaka kumi na nne. Kama mimi. Sisi ndo tulioshika kumbi, sisi ndo tuko kwenye kamati, sisi ndo tunampa DJ listi. Sidhani kuna mtu alimzika Saida, ni sisi tu tuliacha kumuomba.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi, mvua za vuli, watu wamechelewa mpaka saa tatu usiku. Ndugu waliotoka Bukoba wamekuja na senene, wale panzi wa kuliwa, msimu wenyewe ulikuwa ndo huo, vifuko vinapita chini ya meza kama vocha. Muda wa kina mama ukafika. Mi nilikuwa nimewachagulia wimbo mmoja wa Kinaijeria uliokuwa unabamba mwaka ule. MC akawaita, mlango ukafunguliwa, wakaingia kama kumi na tano hivi na vitenge vyao vya sare na mabeseni kichwani, na walitembea jamani, walitembea tu, kila mtu anatafuta mapigo hayaoni, shangazi mmoja akawa anageuka nyuma kuangalia wenzie wanafanyaje. Mama alikuwa wa tatu. Alipopita mbele ya meza ya DJ aliniangalia mara moja, hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Zawadi zikaisha, tukala, muda wa vijana ukafika na DJ akaachia Salome. Ukumbi mzima juu! Mpaka wahudumu wa chakula wamesimama na masinia yao. Yule DJ alikuwa kijana mdogo, miaka ishirini na mbili hivi, wa Manzese, hana undugu wowote na Bukoba. Kilipofika kiitikio akafanya kile wanachofanyaga, akashusha sauti ili watu waimbe wenyewe. Vijana wakaimba kiitikio chote kwa nguvu, wakafika mwisho wa walichokijua wakasubiri arudishe mziki.

Kabla hajarudisha, upande wa meza za nyuma sauti zikaendelea.

Kina mama walikuwa hawajaishia pale. Kwao kile kiitikio kilikuwa ni mlango tu, baada yake kuna wimbo mzima wa Kihaya, na wakaingia ndani bila spika bila kitu, mmoja anaongoza wengine wanapokea. Yule shangazi aliyekuwa anageuka nyuma akavuta kiti cha plastiki akakipindua akaanza kukipiga kama ngoma, na sio kubahatisha, mapigo yenyewe. Wakasogea katikati ya ukumbi, vijana wakawapisha, halafu wakawazunguka. Simu zikatoka, watu wanarekodi. Wadada wa kazini kwa bibi harusi, Wapare, Wazaramo, Wanyakyusa, wanamshika Mama mkono wanamuuliza hapo anasemaje, hapo anamaanisha nini, na Mama anawajibu huku anacheza, kifua kinahema.

DJ akanigeukia. "Dada, ule wa kwanza kabisa unao?"

Mimi mtu wa muziki sikuwa nao. Nilimwambia hapana na sauti haikutoka vizuri. Akachukua simu yake mwenyewe, akaingia YouTube kwa bando lake, akachomeka waya. Zile ngoma za mwanzo zilipopiga ukumbini sijui niseme nini, kina mama walipiga vigelegele mpaka MC akaacha kuongea, na MC wa Dar kuacha kuongea ni jambo zito.

Nikajikuta nimetoka nyuma ya meza, naimba. Maneno yote, hata yale ambayo maana yake sikuwa na uhakika nayo, mdomo ulikuwa unayajua yanapokuja. Mfanyakazi mwenzangu mmoja niliyemwalika akanishangaa, tumekaa ofisi moja miaka minne, akaniuliza, "Kumbe unajua Kihaya?" Nikamwambia nakijua. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mtu hivo.

Baadaye nimeliona jambo hilohilo likitokea mbali. 2021 watoto walikuwa wanacheza Rasputin ya Boney M kwenye TikTok, wimbo wa 1978. 2022 wimbo wa Kate Bush wa 1985 ukapita kwenye tamthilia moja ya Marekani, ukapanda mpaka namba moja Uingereza, miaka thelathini na saba baadaye. Watu wakishangaa mi najiuliza kitu kimoja, ni nani alikuwa anausikiliza hiyo miaka yote ya katikati. Maana kuna mtu alikuwepo. Diamond alifanya kazi kubwa na nampa heshima yake, kijana hataki kuambiwa na mama yake kuwa kitu ni kizuri, anataka aambiwe na mtu anayemwamini, na yeye akasema. Hata Saida mwenyewe 2017, mwaka mmoja baada ya Salome, akatoka na wimbo mpya, Orugambo, nikafurahi kama ni ndugu yangu. Lakini ule wimbo haukutoka kaburini. Ulikuwa barazani Mabibo.

Usiku ule tulirudi na bajaji, mimi na Mama na beseni tupu, mwendokasi zimeshaacha kupita, Morogoro Road nyeupe. Nilitaka kumuomba msamaha wa daladala, wa kanda, wa wimbo wa Kinaijeria, sikujua nianze na upi. Nikasema, "Mama, pale kwenye kuingia nilikosea."

"Mlikuwa na mambo mengi," akasema. Akasinzia.

Kesho yake Jumapili nikalala mpaka saa nne. Nilipotoka barazani Mama yuko kwenye cherehani, na redio ileile iko pembeni, kamba ya kishikio amebadilisha. Nikamuuliza kama ile kanda bado ipo. Akafungua kopo la vifungo akaitoa, maandishi yameshafutika, vitundu vya juu bado vina vikaratasi vyangu. Nikataka kuigeuza nimuwekee upande wa pili, upande mzima.

"Acha, weka huohuo," akasema.

Nikaweka. Ikakwaruza, ikaanza, Bongo Fleva ya 2002 nzito kama inatoka ndani ya pipa. Na Mama, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akawa anachana. Ubeti mzima. Anajua wapi pa kuvuta pumzi, anajua mtangazaji anaingilia wapi, akamuigiza mpaka mtangazaji. Nikabaki nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Miaka kumi na minne alikuwa anausikiliza upande wangu wote.

"Mama, kwa nini hukuwa unageuza tu?"

"Subiri," akasema, "inakuja."

Mtangazaji akaanza kutaja wimbo unaofuata, hakumaliza, kikasikika kile kidude cha kukata, ta, halafu ngoma. Saida, katikati ya ubeti, pale nilipoachia kitufe. Mguu wa Mama ulikuwa umeshaanza kabla yake.