Nilivyolipima jiwe nililodhani ni kimondo

Jiwe lenyewe nililiokota kwenye mkondo wa mto uliokauka. Lilikuwa jeusi, kubwa kama ngumi, na nilipolinyanyua mkono ulishtuka kwa uzito wake. Mawe yote yaliyolizunguka yalikuwa na rangi ya udongo. Neno lililonijia ni moja tu: kimondo.

Nyumbani nilifunga sumaku ndogo kwenye uzi, nikaiachia ining'inie kando ya jiwe. Ikasogea, ikasogea, kisha ikanata, ta! Moyo ulinidunda. Sumaku hiyo niliichagua dhaifu kwa makusudi, kwani sumaku kali huweza kufuta alama za usumaku wa kale zilizohifadhiwa ndani ya kimondo, na watafiti wanazihitaji sana. Wengi wakifika hapa huona kazi imekwisha. Ni kweli kwamba vimondo vingi huvutwa, maana vina chuma chenye nikeli, lakini yapo mawe ya hapa hapa duniani yanayovutwa kwa nguvu zaidi.

Nikarudi kuangalia sura yake. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jeusi, jembamba kama milimita moja, linalobaki baada ya uso wake kuyeyuka kikipenya angahewa. Vingine huwa na vibonyeo kama alama za vidole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Langu lilikuwa na vibonyeo viwili vitatu, ila maji ya mto nayo huyachonga mawe, kwa hiyo sikuvitegemea. Halikuwa na vitundu vya mapovu, na hilo lilinipa matumaini: masalia ya kuyeyushia chuma, ambayo huwadanganya watu wengi, mara nyingi huwa na vitundu hivyo.

Kipimo kilichofuata kilihitaji kigae cha sakafuni tu. Nilikigeuza upande wa nyuma, ule usiong'arishwa, nikalikwaruza jiwe juu yake. Vimondo vingi haviachi mchirizi wowote, au huacha hafifu sana. Hematiti, madini ya chuma ambayo watu huyadhania kimondo, huacha mchirizi mwekundu wa kutu. Langu liliacha mstari mweusi mzito, kana kwamba nimechora kwa mkaa. Nilikwaruza tena mahali pengine. Mweusi vilevile.

Bado sikutaka kukata tamaa, nikachukua mizani ya jikoni. Jiwe lilikuwa gramu 642. Nikaweka bakuli la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, kisha nikalizamisha jiwe likiwa limening'inia kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Mizani ikasoma gramu 126, yaani uzito wa maji yaliyosukumwa. Kugawanya 642 kwa 126 ni kama 5.1, yaani jiwe lilikuwa zito mara 5.1 kuliko maji ya ujazo uleule. Vimondo vingi vya mawe huwa kati ya 3 na 4, na vya chuma, kama kile cha Mbozi, Tanzania, au Hoba, Namibia, huzidi 7. Namba yangu ilikuwa katikati, karibu kabisa na 5.2 ya magnetiti, madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku na kuacha mchirizi mweusi. Tatizo ni kwamba vipo vimondo adimu vilivyochanganya mawe na chuma ambavyo navyo huangukia maeneo hayo.

Basi nikapiga tupa pembeni, sehemu ndogo kama ukucha, nikailainisha kwa msasa. Kama ingekuwa kimondo cha aina hiyo, chuma kingeng'aa hapo kama fedha. Hapakuwa na hata chembe moja. Palikuwa na weusi mtupu, ndani kama nje.

Hatimaye nililipeleka kwa mjiolojia pamoja na kigae changu. Aliutazama mchirizi, akatikisa kichwa, kisha akanipa lenzi na kunionyesha ukingo uliovunjika. Niliona vijiuso vidogo vya pembetatu, vyeusi, vinavyometa, vimepangana kama vilivyokatwa kwa mkono. Fuwele za magnetiti. Nilizitazama mpaka jicho likachoka.