Miaka saba, miezi saba, siku saba

Namo Buddhaya, ndugu zangu katika Dhamma, mafundisho ya Buddha.

Wiki hii sikulala. Mwezi uliopita wezi waliruka ukuta wakabeba pampu ya maji na nguo zilizoanikwa, nami kwa hasira nikafunga kamera nne. Sasa kila kitu kikisogea uani, simu inalia. Naamka: paka. Inalia tena: upepo umetikisa mpapai. Juzi saa tisa ya usiku, nikiwa nimeketi kitandani namkodolea macho paka yuleyule, nikamkumbuka Bhaddiya.

Mnamjua, mtawala wa Wasakya, ukoo wa Buddha mwenyewe. Rafiki yake Anuruddha alipomwomba waende utawani pamoja, alisema, subiri kwanza miaka saba. Wakaanza kushushana kama watu wa sokoni: saba ikawa sita, miaka ikawa miezi, hadi akaomba siku saba tu awakabidhi wanawe na ndugu zake ufalme. Zilipotimia wakaondoka, vijana sita wa ukoo na Upali kinyozi wao. Mpakani wakavua vito vyao, wakamwachia Upali avitumie maisha yake yote. Naye alitembea kidogo tu, akalitundika lile furushi mtini, atakayeliona alichukue, akawafuata mbio. Na walipofika kwa Mwalimu wetu Buddha, wenye damu ya kifalme wakaomba kinyozi apewe utawa kwanza, ili wao wamwinamie.

Baadaye, huko msituni, Bhaddiya akawa hakai bila kusema: "Raha iliyoje! Raha iliyoje!" Watawa wenzake wakajua tu, huyu anaota enzi yake. Wakamshtaki kwa Mwalimu. Alipoulizwa akaeleza: nilipokuwa mfalme nilikuwa na walinzi ndani ya jumba na nje yake, ndani ya mji na nje yake, na bado nililala kwa woga. Sasa nipo peke yangu chini ya mti, nala ninachopewa, siogopi kitu, moyo wangu huru kama wa swala wa porini.

Walinzi kila upande! Mimi na kamera zangu nne nimeona haya.

Lakini ndugu zangu, hao watawa waliomdhania vibaya ndio sisi. Mara ngapi tunapeleka dana, sadaka kwa watawa, huku tunanong'ona, maskini, hata kitanda hana? Mwingine anapiga picha sufuria lake la wali kabla ya kumjazia mtawa bakuli. Mwenye mavazi matatu, bakuli, mkanda, wembe, sindano na chujio la maji analala fofofo. Sisi tunaamshwa na paka. Nani amhurumie nani? Acheni, jamani. Ile picha haina punje ya thawabu ndani yake.

Sisemi sote tunyoe vichwa. Anathapindika, tajiri mfuasi wa Buddha, alibaki na biashara yake, akainunua bustani ya mwana wa mfalme Jeta kwa kuitandaza sarafu, ili Mwalimu apate makao. Ninachokataa ni kule kushushana bei. Nyumba ikiisha. Watoto wakimaliza shule. Nimekuwa nikiisema hiyo "miaka saba" tangu mtoto wangu wa kwanza anyonye, na sasa ananizidi urefu. Bhaddiya angalau alishuka! Tushuke basi, hata mpaka usiku mmoja.

Siku ya mwezi mpevu nitashika kanuni nane za kujinyima tushikazo sisi tusio watawa, nilale mkekani, simu nimeizima sebuleni. Mke wangu ameshacheka. Anasema saa nane nitakuwa nimeifuata.