Ghafla

Juzi binti yangu alimwaga kalamu zake zote mezani, akakishika kile kikombe cha chuma anachozitilia, akakigeuzageuza kama aliyekiona siku hiyo hiyo.

"Baba, hiki nani alikitafuna?"

Si kikombe, ni pistoni ya injini ya gari. Kwa kuwa huwa kimepinduliwa, kichwa chini, upande ulioliwa hauonekani mpaka kalamu zitoke. Ukingo mmoja hauna umbo tena. Chuma kimelainika, kikachuruzika kidogo, kikaganda, na penye kuganda pana ukungu wa kijivu usiotoka hata kwa msasa.

"Moto," nikamwambia.

"Mbona hamkuuzima?"

Nikamwambia akamalize hesabu zake.

Mwaka 2009 Mjomba alikuwa bado na lile gari lake, Toyota Levin nyeupe ya GT-Z. Injini yake 4A-GZE, cc 1,587 tu, lakini imetoka kiwandani na supachaja yake, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, nguvu za farasi 170. Mimi supachaja niliijua kwa maneno ya Mjomba kabla sijaiona kwa macho. Tabo, ile nyingine ya kusukuma hewa, aliniambia, ni tanga: yangoja moshi wa injini uijaze ndipo ivute. Supachaja ni kasia. Imefungwa kwa mkanda kwenye injini yenyewe, mkono ukivuta na mashua yaenda. Ukikanyaga, iko pale pale.

Basi mwaka huo akapata puli kubwa ya kranki, gurudumu la chini ya injini linalovuta mkanda, kutoka kwa mtu Mombasa. Puli ikiwa kubwa chini, supachaja yazunguka kwa kasi zaidi juu, na msukumo wa hewa ukatoka kama pauni 8 kwa inchi ya mraba hadi 12. Kazi ya asubuhi moja. Vijana wa mtaa wa Barani waliokuja kutazama wakataka liwashwe gari, litolewe, lijaribiwe. Mjomba akakataa. Akavua mkanda wa supachaja, akautundika ukutani, na ukakaa pale karibu miezi miwili.

"Hewa si shida," alisema. "Hewa yajaa duniani. Petroli ndiyo kazi."

Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu wengi wanaliruka hadi leo. Injini ikitembea pole yataka hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli. Ikisukumiwa hewa kwa nguvu, yataka petroli nyingi zaidi, hewa kilo 12 kwa moja au hata chini ya hapo, maana ile petroli ya ziada kazi yake ni kupoza. Ikipungua, moto ndani ya silinda unazidi ukali, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ni aluminiamu, haustahimili moto huo. Injini haikupi nafasi ya kujitetea.

Mjomba akapiga hesabu nyuma ya kalenda ya duka. Farasi 210 alizozitarajia, kwa kila farasi pauni 0.6 za petroli kwa saa, gawanya kwa nozeli nne zinazonyunyiza petroli, na nozeli isifanyishwe kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Ikaja cc 413 kwa dakika kwa kila nozeli. Akatafuta za 440. Akanunua pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa. Akavuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu, na rilei yake, kwa sababu ule waya wa zamani ungeinyima pampu umeme wakati inapouhitaji zaidi. Akatia kijisanduku cha kuirekebisha kompyuta ijue kwamba nozeli zimebadilika. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa adabu namna ile. Kila klipu aliikaza mara mbili, na kila alipomaliza alifuta mikono kabla ya kugusa kitu kingine.

Pampu mpya ilikuwa fupi kuliko ya zamani, kwa hivyo ndani ya tangi ilitaka kipande cha mpira cha kuiunganisha na bomba la juu. Kipande chenyewe hakizidi urefu wa kidole. Mjomba alikikata kwenye mpira mpya alioununua mjini, mpira wa petroli, mzuri, mweusi unang'aa.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, tukasali alfajiri tukatoka. Tulivuka daraja la Sabaki, nje ya Malindi, maji yakiwa mekundu na mbuga bado imelala. Mjomba akaenda pole mpaka karibu na Mambrui, akageuza, akarudi pole vile vile, ahakikishe hakuna punda wala mtoto wa shule wala lori la chumvi kutoka Gongoni. Njia ilikuwa tupu.

Geji ya msukumo wa petroli tulikuwa tumeifunga nje, chini ya waipa, kwa plasta. Paipu yenye petroli ya msukumo haiingizwi ndani ya gari alipoketi mtu. Mimi nilikaa kushoto, naitazama kupitia kioo. Yeye kazi yake njia na mshale wa mizunguko. Mimi kazi yangu mshale ule mmoja tu.

"Msukumo wa hewa ukiwa haupo, petroli ni pauni 43," alinifundisha. "Supachaja ikitia pauni 12, mshale upande nao pauni 12. Kwa hivyo yafaa uone 55. Ukiona unashuka chini ya 50, useme *wacha*. Usiniangalie mimi, usifikiri. Sema *wacha*."

"Sawa, Mjomba."

"Sema nikusikie."

"Wacha."

Mara ya kwanza alivuta gia ya pili. Mshale ukapanda hadi 55, ukasimama kama umepigiliwa. Mara ya pili, gia ya pili tena, vile vile. Mjomba hakusema kitu, lakini nilimwona akishusha mabega. Miezi miwili yote ilishuka pale.

Mara ya tatu akatia gia ya tatu.

Nitasema nilivyoona, kwa utaratibu, kwa sababu sijapata kuisema. Gari lilivuta kutoka mizunguko 3,000, na ile sauti ya supachaja, ule mlio mwembamba unaopanda kama birika, ukaingia kifuani. Mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Miti ya kando ikawa mstari mmoja. Mshale uko 55. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikuwa nimewahi kuketi ndani ya kitu kilichotengenezwa vizuri kiasi kile, na kilikuwa chetu, kazi ya mikono ya nyumbani kwetu. Mizunguko 5,500. Mshale ukatetemeka. Kulikuwa na tone la umande juu ya kioo cha geji, nikafikiri ni lile. Kisha nikaona si tone. 54. 52. Ulikuwa unashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani, akigusa kila kidato kwa mguu. 50. Nilijua ni 50. Neno lilikuwa mdomoni. Na gari lilikuwa bado linavuta, linavuta vizuri zaidi kuliko mwanzo, na nikataka livute kidogo tu, lifike 7,000, Mjomba aione 7,000 yake. 48. 46.

Nikasema "Wacha" mshale ukiwa 41.

Aliachia mara moja. Lakini kabla ya kuachia tulikuwa tumesikia, sote wawili, kama changarawe zikitikiswa ndani ya debe. Kisha moshi nyuma, na injini ikatembea kwa miguu mitatu, silinda moja imekufa, mpaka kando ya njia.

Hatukushuka mara ile. Mjomba aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Akauliza bila kunitazama:

"Mshale ulishuka vipi?"

"Ghafla," nikasema. "Umeshuka ghafla, Mjomba."

Akatikisa kichwa. Akaniamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Yaliyofuata ni mafupi. Tulivutwa na pikapu ya samaki hadi Maweni. Jioni tukafungua hedi, kifuniko cha juu cha injini, tukaikuta silinda ya tatu ilivyo. Kesho yake tukaitoa pampu, na kile kipande cha mpira kikatoka kimevimba, laini kama andazi lililochovywa chai, na kimepasuka kwa urefu. Petroli nyingi ya pampu ya lita 255 ilikuwa inatoka kwenye ule mpasuko na kurudi ndani ya tangi. Mpira ule ulikuwa wa petroli kweli, muuzaji hakudanganya. Lakini ulitengenezwa kupitisha petroli ndani, si kuogelea ndani yake. Nje haukuwa na kinga. Wa kuzamishwa tangini una alama yake, 30R10, na wetu uliandikwa 30R7. Maandishi yalikuwepo ubavuni siku zote. Mjomba aliyasoma mara mbili, kwa kidole, kama asomaye msahafu. Akasema, "Nimeiua mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa nimeshika taa.

Gari aliliuza bila injini. Hakujenga jingine. Siku hizi ni mashine za boti tu, na vijana wanaomletea magari yao wapate ushauri swali lake la kwanza ni moja: mpira wa ndani ya tangi ni upi? Hawi mkali, lakini hawaachi waondoke mpaka wajibu. Kisha huwahadithia. Nimeihadithiwa nikiwa nimeketi pale pale kwenye baraza, mara nisizozihesabu. Huwaambia alivyopiga hesabu za nozeli, na waya, na rilei, na alivyokosea kwa kidole kimoja cha mpira. Na akifika penye mshale husema, "Ulishuka *ghafla*. Hata kijana aliyekuwa akiutazama hakuwahi."

Neno langu hilo. Nililitoa mdomoni mwangu siku ile nikamtilia mdomoni mwake, na amelibeba miaka yote hii.

Nimepiga hesabu zangu pia, usiku. Injini hiyo kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, kila silinda yawaka mara 58 kwa sekunde moja. Kutoka 50 hadi 41 nakadiria sekunde mbili. Hiyo ni zaidi ya mara mia moja, moto mkali kuliko kiasi, juu ya ukingo ule ule. Mpira ungepasuka hata hivyo, hilo ni kweli. Lakini tungerudi nyumbani tunaendesha, tungefungua tangi, tungeucheka mpira, na Mjomba angekata kipande kingine. Au pengine ule mlio ulikuwa umeshaanza tangu 52 na sikuusikia. Pistoni haisemi ilianza kuliwa lini. Nimeitazama sana.

Jumamosi Mjomba anakuja kula kwetu, kama kawaida yake mwisho wa mwezi. Binti yangu amekwisha nitangazia kwamba mimi sijui kueleza, atamuuliza Babu.

Jana usiku nilizirudisha kalamu mahali pake, pistoni ikiwa kichwa chini. Leo asubuhi nimezikuta zimelazwa mezani zote, na yeye ameisimamisha dirishani, kichwa juu, ule ukingo ulioliwa ukielekea mlangoni.