Kupima mwanga wa Hektor kutoka Nairobi

Hektor, asteroidi (mwamba unaolizunguka Jua) nambari 624, inapita njia ileile ya Mshtarii. Imetangulia mbele ya sayari hiyo kwa takriban nyuzi 60, na zote mbili hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12. Mwanahesabu Lagrange alionyesha mwaka 1772 kwamba kitu kidogo kinaweza kutulia hapo, au nyuzi 60 nyuma ya sayari, bila kufukuzwa. Asteroidi ya kwanza kujulikana hapo, Achilles, ilionwa na Max Wolf kule Heidelberg mwaka 1906, na mwaka uliofuata August Kopff akaipata Hektor. Zilizo mbele huitwa kambi ya Wagiriki, za nyuma kambi ya Watroia, maadui wawili wa vita vya Troia katika hadithi za Kigiriki. Shujaa huyu wa Troia amejikuta kwa maadui kwa kuwa alipewa jina kabla utaratibu huo haujawekwa.

Kuitazama kwa jicho hakulipi: ni nukta ya magnitudo 14 hadi 15 (kipimo cha mwangaza: namba ikiwa kubwa, kitu ni hafifu). Faida iko kwenye umbo. Hektor ni ndefu kama kiazi kitamu, kama kilomita 400 kwa 200, na hujizungusha kwa saa 6 na dakika 55. Ubavu wake mpana ukitugeukia inang'aa, ncha ikitugeukia inafifia, kwa hiyo kila mzunguko una vilele viwili vya mwanga. Chombo cha NASA kiitwacho Lucy, kilichorushwa mwaka 2021 kwenda kwenye asteroidi za kambi hizi, hakitaipitia. Vipimo vya kutoka ardhini bado vina kazi.

Msimu kwanza. Kambi ya Wagiriki huelekeana na Jua, yaani hukaa upande wa pili wa anga na kuonekana usiku kucha, yapata miezi miwili baada ya Mshtarii. Mwaka 2027 Mshtarii itafika hapo Februari, kwa hiyo zamu ya kambi ni Aprili, katikati ya masika. Usingoje tarehe yenyewe. Anza Februari, ukiamka usiku wa manane, kabla mvua hazijashika. Mahali kamili pachukue Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachotunza njia za asteroidi, siku hiyohiyo, maana njia ya Hektor imeinama nyuzi 18 na inaweza kuwa mbali sana na pale unapodhani.

Kinachosumbua zaidi Nairobi ni stendi ya darubini, ambayo mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzungukia. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 1.3 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mhimili wa stendi unalala karibu sawa na ardhi. Stendi nyingi zimeundwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani na hazishuki kiasi hicho. Usifupishe mguu mmoja wa tripodi ili kudanganya pembe. Darubini itayumba kila upepo ukivuma. Fundi wa jua kali pale Kamukunji atakukatia kabari ya chuma: kama stendi yako inaishia nyuzi 20, kabari ya nyuzi 19 itatosha. Uzito utahamia kusini, basi elekeza miguu miwili upande huo na mmoja kaskazini. Hapo pia chuma cha kusawazisha kitapata nafasi ya kupita bila kugonga mguu darubini inapotazama chini mashariki au magharibi.

Nyota ya kulenga ncha huipati. Chagua nyota iliyo karibu na utosi: ikisogea kaskazini au kusini, geuza stendi kushoto au kulia mpaka itulie. Kisha chukua nyota iliyo chini mashariki, na safari hii urekebishe mwinamo. Rudia zote mbili.

Darubini ya sentimita 20 yenye kamera inatosha, hata juu ya paa mjini, ukirundika (ukiunganisha kuwa moja) picha tano za sekunde 60. Hektor husogea kama sekunde 20 za pembe kwa saa (nyuzi moja ina sekunde 3600 za pembe), kwa hiyo haitaacha mchirizi. Kichujio chekundu kinafaa kwa sababu Hektor yenyewe ina wekundu. Ukishuka Magadi kutafuta giza, nenda na kamera yenye kipoza. Joto la huko hujaza picha madoa.

Piga mfululizo kwa saa saba au zaidi. Pima mwanga wake dhidi ya nyota tatu hadi tano za picha hiyohiyo, si dhidi ya nyota moja, kwani hiyo moja inaweza kuwa yenyewe hubadilika. Ikivuka mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini, stendi itapinduka na nyota zitaangukia pikseli nyingine. Bila picha za kusawazisha mwanga (za uso mweupe ulioangazwa sawa kote), mchoro wako utaruka ghafla hapo. Mruko mwingine hutokea Hektor ikipita mbele ya nyota hafifu. Piga eneo hilohilo usiku unaofuata, Hektor ikiwa imeondoka, uone kama kuna nyota.

Saa andika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: saa tatu usiku ya Nairobi ni 18:00. Halafu toa dakika za safari ya mwanga kwa umbali wa usiku huo, kama 35 mwezi Aprili na zaidi kidogo Februari, la sivyo vilele vya Februari havitalingana na vya Aprili. Tofauti kati ya kilele na bonde huweza kufika magnitudo 1, lakini miaka ambayo Hektor inatuelekezea ncha ya mhimili wake hushuka hadi magnitudo 0.1 tu. Miaka hiyo usipige picha moja moja, rundika zaidi.