Mapaa ya London ni yetu pia

Picha za London zinazofika nyumbani siku hizi nyingi ni za baa za juu ya paa. Glasi ya kokteli yenye kipande cha chungwa, minara ya vioo kwa nyuma, jua linazama. Anayeiona akiwa Tabata au Tandika, Dar es Salaam, anadhani kule juu ni kwa wenye nazo tu, na sisi tunaoishi hapa wengi wetu tunadhani hivyohivyo. Nina wenzangu wa boksi, yaani wa kazi za mikono huku ughaibuni, waliokaa jiji hili miaka na miaka ambao hawajapanda paa hata moja kwa starehe. Kupanda wanapanda, kila usiku, lakini kwa lifti ya mizigo, na ndoo, mopu na mashine ya kufyonza vumbi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu baadhi ya mapaa mazuri kuliko yote London ni ya kila mtu. Hulipi kiingilio, na huna lazima ya kununua hata maji.

Kazi yangu ni usafi wa ofisi katika City, ile sehemu ya mabenki na makampuni ya bima. Naingia saa nne usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Naenda kwa basi namba 25 kutoka Ilford, basi ambalo halilali, na anayelijua usiku anajua abiria wake: Waghana, Wanaijeria, Wabangladeshi, akina mama wa Colombia na Ecuador, kila mmoja kaegemeza kichwa kwenye kioo na begi mapajani. Kwa hiyo mandhari ya London kutoka juu si mageni kwangu. Nimeyaona mapambazuko ya jiji hili kutoka ghorofa za juu mara nyingi kuliko matajiri wanaofanya kazi humo mchana. Kitu ambacho sikuwa nacho ni kiti cha kukaa nikayatazama.

Aliyenitoa ni mdogo wangu, aliyekuja kusoma shahada ya pili. Hata sanduku hakuwa amelifungua lote akaniuliza, "Dada, zile baa za juu tunaenda lini?" Nikamwambia tutakwenda mwezi wa sita, kukiwa na jua, maana paa la London wakati wa baridi ni upepo wa kukata masikio.

Nilichagua jengo liitwalo One New Change, linalotazamana na kanisa kuu la St Paul's. Ni jengo la maduka na ofisi lililochorwa na Mfaransa Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2010. Juu yake kuna paa la wazi kwa watu wote, na pembeni ya paa hilo kuna baa na mgahawa, Madison. Ndiyo sababu ya kulichagua: pande zote mbili ziko palepale, ya bure na ya kulipia, na zote zinatazama kuba lilelile la kanisa hilo.

Lifti yake ni ya kioo, nayo inapanda katikati ya mpasuko wa jengo, ukuta wa kioo kushoto na ukuta wa kioo kulia. Usigeuke kuangalia mlango. Tazama nje. Kuba la St Paul's linaanza kutokea, na kwa sababu vioo vya pande mbili vinaliakisi, unaona makuba matatu yakipanda pamoja nawe. Mdogo wangu alinishika mkono na hakusema neno mpaka mlango ukafunguka. Mimi niliyezoea lifti za jiji hili moyo wangu nao ulienda mbio.

Juu pale unasimama karibu na kuba hilo kiasi kwamba unaona mistari ya madini ya risasi yaliyolifunika na vijidirisha vyake. Ni kazi ya mchora majengo Christopher Wren, kimo chake mita 111, na tangu 1710 hadi miaka ya 1960 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo London. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani zilimwaga mabomu ya moto hapa, mitaa inayolizunguka ikateketea, lenyewe likabaki limesimama katikati ya moshi. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini Waingereza wanalilinda namna ile. Tangu miaka ya 1930 kuna kanuni inayozuia majengo ya jirani yasipande yakaliziba. Ng'ambo ya mto kuna bomba refu la matofali la jumba la sanaa la Tate Modern, lililokuwa kituo cha kufua umeme. Lilijengwa kwa mita 99, makusudi, lisilishinde kuba. Na lile jengo lililolala upande mmoja, ambalo watu wa hapa wanaliita kibao cha kukwangulia jibini, lilikatwa mshazari ili mtu anayekuja kwa mtaa wa Fleet Street asizibiwe St Paul's. Jengo la mita 225, la fedha ambazo mimi na wewe hatuwezi kuzitaja, limeinamishwa kwa ajili ya macho ya mpita njia asiye na hata senti. Hilo nalipenda sana katika jiji hili, na sioni haya kulisema.

Tulikaa kwanza upande wa bure. Kulikuwa na wanafunzi wamekaa chini wakila sandwichi, wazee wawili na kamera yao, bibi arusi mmoja anapigwa picha. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Ilikuwa saa mbili usiku na jua bado linawaka, kwani mwezi wa sita hapa linazama yapata saa tatu na dakika ishirini. Nikampigia mama simu ya video. Kwake Dar ilikuwa saa nne, yuko kitandani na kanga yake begani, akashangaa mchana gani huo wa saa mbili usiku. Tukamzungusha: kuba, mto Thames, mnara wa Shard wa mita 310 unaochoma wingu, lile gurudumu kubwa la London Eye kwa mbali. Akatazama, kisha akauliza swali la mama yeyote:

"Na huko juu mmelipa shilingi ngapi?"

"Bure, mama."

"Bure kabisa? Basi kaeni mpaka mtosheke, wanangu."

Baada ya hapo tukaingia baa. Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu, na ahadi ya dada ni deni. Mlangoni wanasimama mabaunsa, wapole lakini makini, na wanaomba kitambulisho cha yeyote wanayemdhania kijana. Mdogo wangu alibeba pasipoti. Mimi hutembea na leseni ya muda ya udereva, ile wanayopewa wanaojifunza. Gharama yake ni paundi 34 ukiiomba mtandaoni, hata kama huna mpango wa kuendesha gari, na inakuepusha kuzunguka na pasipoti usiku. Wanaokaa hapa kwa kibali halali wanaweza kuiomba, basi iombeni. Nimeona ndugu zetu wakipoteza pasipoti kwenye matembezi, na kuipata nyingine kupitia ubalozi ni safari.

Bei sitaificha. Kokteli moja katika baa za namna hii ni paundi 15 na kuendelea, na kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Kwa hiyo glasi moja ni zaidi ya saa nzima ya kupiga deki. Juu yake mara nyingi huongezwa asilimia 12.5 ya huduma kwenye bili, na una ruhusa ya kuomba iondolewe, japo mimi siiondoi. Mdogo wangu alikunywa moja, mimi nikachukua ya matunda isiyo na kileo, tukagawana sahani ya viazi vya kukaanga. Tulikaa nayo muda mrefu na hakuna mhudumu aliyetuharakisha.

Aliyekuja kukusanya glasi alisimama ghafla. "Munatoka Tanzania? Nilisikia Kiswahili yenu, nikajua." Alikuwa kaka wa Bukavu, Kongo. Alizungumza nasi dakika chache huku mikono inafanya kazi, akamuuliza mdogo wangu anasoma nini, akafurahi kana kwamba ni dada yake. Nikamuuliza ile asilimia ya huduma inawafikia au inaishia ofisini. Akasema sasa inafika. Tangu Oktoba 2024 kuna sheria inayomlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila yeye kujikatia kitu. "Zamani, dada, tulikuwa tunasikia tu," akasema. Kwa hiyo ukikaa kwenye meza hizi na ukaweza, iache. Inakwenda kwa mtu kama huyu, ambaye saa nane usiku utamkuta kwenye basi la usiku.

Mdogo wangu aliniuliza mambo haya ya mapaa ya bure yametoka wapi, maana Waingereza hawatoi kitu hivihivi. Swali zuri. Jibu ni kwamba si zawadi. Anayetaka kujenga mnara City anakwenda kuomba kibali, na mji unamuuliza: ukitunyang'anya anga, wananchi watapata nini? Mfano mkubwa ni jengo la 20 Fenchurch Street, wanaloliita Walkie Talkie kwa umbo lake la kupanuka juu. Lilichorwa na Rafael Viñoly, mita 160, na lilipoombewa kibali lilipingwa sana kwa sababu limesimama peke yake, mbali na kundi la minara mingine. Ikabidi ufanyike uchunguzi wa hadhara mwaka 2007. Moja ya hoja zilizoliokoa ni ahadi ya bustani kileleni itakayokuwa wazi kwa umma. Ndiyo Sky Garden, iliyofunguliwa Januari 2015, ghorofa ya 35 mpaka 37, na baa zake ndani. (Ni jengo hilohilo ambalo mwaka 2013 ukuta wake uliopinda ulikusanya jua ukayeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililoegeshwa mtaani. Baadaye wakaliwekea vizuizi vya jua.)

Wapo waliolalamika kwamba ile si bustani ya umma ya kweli, kwa kuwa kwa kawaida unaweka nafasi mtandaoni na mlangoni unakaguliwa kama uwanja wa ndege. Malalamiko yao ni ya haki. Bustani ya umma ni ile unayoingia ukichoka, bila kuomba. Lakini kuikasirikia tukakaa nyumbani ni kuwaachia wengine nafasi zetu, na nafasi zenyewe hazigharimu kitu. Baadaye mji ulizidi kudai, na leo kuna Horizon 22 kwenye ghorofa ya 58 ya 22 Bishopsgate, mita 254 kutoka chini, iliyofunguliwa Septemba 2023, bure. Huwezi kupanda juu namna hiyo kwa bei hiyo katika miji mingi ya dunia.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwasemesha wenzangu wa zamu. Vile vioo ambavyo picha zote zinapigwa kupitia kwavyo, nani anavifuta? Zile sakafu zinazong'aa, yale maua yanayopigwa picha, vile vyoo vyenye mandhari ya mto? Ni sisi. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilitukataza kutumia lifti za mbele hata tukiwa tumemaliza zamu na tumevaa nguo zetu, na baadhi yetu katazo hilo limetuingia moyoni, tunalitii hata siku ya mapumziko, hata kwenye jengo ambalo masharti yake yanasema mlango uwe wazi kwa kila mtu. Dada mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa Kumasi, Ghana, mtu mzima wa kuheshimika, aliniambia, "Pale hawataki watu kama sisi." Nilimweleza nilivyokaa pale na mdogo wangu, viatu vya kawaida, mfuko wa soko miguuni, na hakuna aliyetugusa. Baa kweli nyingine zina masharti ya mavazi, hazitaki viatu vya michezo wala kofia. Mapaa ya umma hayana hayo.

Jua lilipoanza kushuka kuba liligeuka rangi ya shaba, watu wote pale juu wakanyamaza kidogo, wenye fedha na wasio nazo. Mdogo wangu aliniegemea. Akasema atasoma kwa bidii. Nikamwambia najua, lakini leo si siku ya kuzungumza vitabu.

Sasa tumepanga na wenzangu wa zamu. Tutaanza na bustani ya 120 Fenchurch Street, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwenye ghorofa ya 15, kwa kuwa ile haihitaji kuweka nafasi, na watu waliochoka na kazi hawapendi kuhangaika na tovuti. Walinzi watakagua mifuko, basi. Tutakwenda siku ya kwanza ya mapumziko itakayotukutanisha sote: wale wawili wa Ghana, mama wa Ecuador na binti yake, mimi na mdogo wangu. Dada wa Kumasi amesema atakuja ikiwa nitamsubiri mlangoni tuingie pamoja. Nitamsubiri.