Pindo na Mji kwenye Baraza la Mama

Mama alipostaafu ualimu mwaka 2014, kitu cha kwanza alichotaka kutengenezewa nyumbani kwake Tegeta kilikuwa baraza. Niru ya zamani, ile saruji laini ya juu ya sakafu, ilikuwa imepasuka kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, na kila ukifagia unazoa vumbi la saruji. Sisi watoto tulidhani atataka marumaru kama za majirani, zile za sentimita 40 kwa 40 zenye rangi ya maziwa, ambazo wakati ule zilikuwa zimeingia karibu kila nyumba mtaani kwetu. Akakataa. Hakutaka baraza linalofanana na ukumbi wa benki, wala hakutaka tukope kwa ajili ya mahali pa kuchambulia mchele.

"Nitawaonyesha ninachotaka," alisema, akaingia ndani.

Akatoka na kanga. Aliitandaza katikati ya baraza, akaanza kuionyeshea kwa mpini wa ufagio: hapa pindo, linazunguka pande zote nne, hapa ndani, mji. Kanga yenyewe ilikuwa na pindo jeusi, na mji mwekundu wenye madoa meupe. Alitaka sakafu iwe hivyo, kwa vipande vya marumaru vinavyotupwa.

Nimefikiria sana tangu siku ile, na bado naona lile ndilo lililookoa kazi nzima. Mabaki ya marumaru hayafanani: hiki kina maua, kile kimefifia, kingine kina rangi ya ugoro. Ukiyamwaga ovyo sakafuni, jicho halijui litulie wapi. Lakini ukiyafungia ndani ya pindo la rangi moja, hata kipande kibaya kinaonekana kimewekwa kwa makusudi. Kwa hiyo tulinunua marumaru nyeusi nzima, za boksi, kwa ajili ya pindo tu. Pesa yetu ya marumaru iliishia hapo.

Vya katikati tuliviokota mimi na mdogo wangu. Mbezi Beach kulikuwa na ghorofa linajengwa, na msimamizi wake alituruhusu tuchukue vipande vilivyokatwa pembeni, mradi tubebe wenyewe. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Barabara ya Bagamoyo tulijifunza kuuliza cha nyuma ya duka. Kila duka lina kona yake ya marumaru zilizovunjikia kwenye gari, au moja moja zilizobaki baada ya mteja kuchukua idadi yake. Muuzaji anazipunguza bei mno kwa sababu zinamjazia nafasi. Nyekundu ndiyo ilitusumbua kuipata, na mama hakukubali kuibadilisha kwa rangi ya kahawia.

Fundi alikuwa kijana aliyezoea kulaza marumaru nzima, na alipoona viroba vyetu alinyamaza kwanza.

"Mama yangu, hizi unene wake tofauti," alisema. "Hii ya ukutani, hii ya chini. Ukizichanganya mtu atajikwaa."

"Basi zitenganishe, mwanangu," mama akamjibu. "Si una macho?"

Tulizitenganisha kwenye ndoo. Za ukutani zilikuwa za milimita kama 7, za sakafuni 9 hadi 10, kwa hiyo zile nyembamba ilibidi ziwekewe udongo, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, mwingi zaidi chini yake. Fundi alizilowesha kwenye maji kabla ya kuzilaza. Mgongo wa marumaru ya ukutani ni kama tofali bichi, unafyonza maji ya saruji kabla haijashika, na baada ya muda kipande kinabanduka. Zile ngumu za sakafuni hazifyonzi chochote cha maana, hizo aliziacha kavu.

Kuvunja ilikuwa kazi yangu. Marumaru unaiweka ndani ya kiroba, uso chini, unaipiga nyundo mara moja katikati, unatazama, halafu unaipiga tena palipobaki pakubwa. Ukipigapiga kwa hasira unapata unga na vijiti. Kingo kali tulizing'ata kwa koleo, tumevaa miwani, kwa sababu kile kioo cha juu kinaruka.

Kabla ya kulaza chochote, fundi aligongagonga niru ya zamani kwa tindo ili udongo mpya upate pa kushika. Kisha akavuta kamba na kutengeneza mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea nje, maji ya masika yasisimame mlangoni. Pindo lilitangulia, limenyooka kwa pima maji. Mji aliugawa kwa chokaa katika miraba ya nusu mita. Tulipanga vipande vikavu kwenye mraba mmoja, mama anakuja, anasogeza, anatoa, anarudisha. Akiridhika, tunavihamishia ubaoni vikiwa katika mpangilio uleule, fundi anamwaga udongo, tunavirudisha kimoja kimoja, anavigandamiza kwa ubao ulionyooka hadi vyote vilingane. Mraba mmoja, halafu mwingine. Kwa joto la Dar es Salaam ukimwaga udongo wa baraza zima, nusu yake utakuwa mgumu kabla hujaufikia.

Mahali pekee walipobishana kwa kweli ni kwenye sahani. Mama alikuwa na sahani ya kauri nyeupe yenye maua ya buluu, ya bibi yetu, iliyopasuka vipande viwili, na aliitaka katikati ya mji. Fundi akamweleza kwa upole kwamba sahani ni nyembamba na imebonyea, chini yake kutabaki uwazi, mguu wa kiti ukiikanyaga imekwisha. Mama hakujibu haraka. Yeye ni mzaliwa wa Kunduchi, amekulia karibu na yale makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopachikwa bakuli na sahani za China kwenye chokaa. Mwishowe akasema kule nako vyombo viliwekwa ukutani, havikukanyagwa. Wakakubaliana sahani iende mbele ya kibaraza cha kukalia, chini ya mikono ya watu na juu ya miguu yao. Fundi aliijaza udongo mgongoni kwanza, akaigandamiza kwa viganja viwili, akakaa ameishikilia muda mrefu.

Siku iliyofuata tulijaza mianya kwa saruji nyeupe tuliyopimiwa kwa kilo dukani. Hapo ndipo sura ilipotokea. Mpaka muda ule ilikuwa ni vipande. Saruji nyeupe ilipoingia katikati yake, wekundu ukashikana, na weusi wa pindo ukasimama. Tulifuta kwa sponji, tukasugua kwa maranda makavu ya mbao, kisha tukaifunika magunia yaliyoloweshwa ili saruji isikauke kwa haraka ikapasuka. Faida nyingine tuliiona mvua ziliponyesha: mianya mingi inashika mguu, na baraza halitelezi kama yale ya majirani.

Ufundi ndio ulitugharimu. Mwanzoni tulipatana kwa mita ya mraba kama ilivyo kawaida, lakini mama alipoona mwendo wa kazi alimwita fundi akabadilisha, akamlipa kwa siku, maana kwa mita angepunjika. Nilifurahi alivyofanya vile bila kuombwa. Hata hivyo jumla yake haikufika bei tuliyokuwa tumetajiwa kwa marumaru mpya za baraza zima.

Wiki chache baadaye fundi alibisha hodi akiwa na mama mmoja wa Boko, aliyetaka kuona. Mama akawakaribisha, akaleta chai, akaanza kueleza habari ya pindo na mji. Yule mgeni akafungua mkoba wake. Kanga yake alikuwa ameshakuja nayo.